Sleeping Beauty ya 1959: angalia miti kwanza

Watu wakiongelea Sleeping Beauty ya Disney utasikia Maleficent tu, yule mchawi mbaya wa hadithi, na mimi nampenda sana yule mama, ila kazi yangu ni kuchora katuni na nakwambia ile filamu uianze na miti. Simamisha video pale Aurora, binti mfalme wa hadithi, anapotembea peku msituni anaimba na ndege, halafu muache yeye, angalia nyuma yake. Magome yamechorwa kwa mistari midogo midogo hadi juu, majani unaweza kuyahesabu, hata mti wa mbali kabisa umechorwa kwa makini yaleyale kama wa mbele.

Hiyo ni kazi ya Eyvind Earle, mchoraji wa mandhari. Kabla yake mandhari ilikuwa inafifishwa makusudi, mfano Bambi ya 1942, katuni ya Disney ya mtoto wa kulungu, mchoraji Tyrus Wong aliufanya msitu uwe kama ukungu pembeni ili jicho liende moja kwa moja kwa mnyama. Earle akageuza. Alikuwa amezama kwenye sanaa ya Ulaya ya zamani, vile vitabu vya sala vilivyochorwa kwa mkono na mazulia ya kutundika ukutani, ambako ua dogo chini linapewa heshima sawa na mfalme. Walt Disney akampa nguvu ya kuamua sura ya filamu nzima, wachoraji wengine wakalalamika, na kwa kweli nawaelewa, maana mhusika wa mviringo mviringo ukimweka mbele ya mandhari kama ile anamezwa.

Kwa hiyo ikabidi wahusika wenyewe wabadilike, na hapa ndipo napopapenda mimi. Marc Davis, aliyemchora Aurora na huyohuyo Maleficent, akanyoosha kila kitu: mikunjo ya gauni inashuka wima sambamba na mashina ya miti, nywele za Aurora zinajikunja kwa mpangilio kama nakshi ya mlangoni. Joho la Maleficent nalo limechongoka pembeni kama ndimi za moto, na yeye hakimbii wala harukiruki, anasimama, anaongea, mkono unanyanyuka taratibu, basi unaogopa. Kuchora mtu asiyefanya kitu halafu akatisha ni kazi ngumu jamani, wanafunzi wangu wote wanakimbilia kumfanya mhusika apige kelele.

Sasa ongeza kwamba ilitengenezwa ionyeshwe kwa filamu pana ya milimita 70, nafasi ya kujaza ni kubwa, na sekunde moja inakula fremu 24, yaani picha 24. Gharama ikafika kama dola milioni 6, na ilipotoka haikurudisha hela yake. Sehemu kubwa ya hizo fremu, wanawake wa idara ya wino walikopi mchoro kwa mkono kwenye plastiki angavu, tena kwa wino wa rangi, ndio maana mstari wa shavu la Aurora sio mweusi, unakaribiana na ngozi yake.

Miaka miwili baadaye, kwenye ile ya mbwa wa madoadoa, One Hundred and One Dalmatians ya 1961, studio ikahamia kwenye mashine ya Xerox inayohamisha mchoro wa penseli wa mchoraji moja kwa moja kwenye plastiki. Mistari ikawa myeusi, inakwaruza kidogo, na ni mizuri kwa namna yake, mbwa wale wangewezaje kuchorwa bila mashine. Lakini ukitaka kujifunza mstari wenyewe, unene wake na rangi yake, rudi kwa Aurora na uangalie kwenye skrini kubwa uliyonayo, simu itakuficha karibu yote.