Barabara ya Kusini huliwa kwa nyuma

Mei 2024, siku chache baada ya kimbunga Hidaya, nilikuwa Somanga, wilayani Kilwa, nimekwama pamoja na abiria wengine. Nyumbani ni Lindi na basi halisogei. Mbele yetu lami ilikuwa imening'inia kama ulimi, chini yake patupu. Mzee mmoja aliyekalia magunia yake alishasikia mimi ni mhandisi wa barabara, akanitupia swali:

"Mwanangu, Daraja la Mkapa limesimama na Rufiji wote unapita chini. Hiki kijito kimeishindaje barabara?"

Ofisini sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo.

Rufiji unajulikana. Tuliowahi kulala Ndundu tukisubiri pantoni hatuhitaji kuelezwa ukubwa wake, na daraja lililofunguliwa 2003 likapewa karibu mita 970. Vijito vya Kilwa ni vingine: kiangazi unaruka bila kulowa. Ukivipima wakati huo, utaona kalavati, yaani tundu la kupitishia maji chini ya barabara, linatosha (tena bei yake nafuu, tusidanganyane).

Sasa tazama ramani. Barabara inafuata pwani, maji yanatoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo tuta letu limeyakingama maji yote yanayoshuka. Kalavati likizidiwa, au likizibwa na magogo, maji yanajikusanya upande wa bara mpaka yanapita juu ya lami. Wengi hudhani mkondo ndio unaoisukuma barabara. Sivyo. Maji yakishavuka yanaporomokea upande wa bahari kwa nguvu, yanachimba ukingo wa tuta, kisha yanaufukua udongo ulio chini ya lami, kidogo kidogo, kurudi nyuma kuelekea bara. Juu lami bado imenyooka, nyeusi, inapendeza. Dereva anaingia akiamini ni maji ya kifundo cha mguu!

Na pakikatika hapo, njia ya kuzunguka ni Masasi, Tunduru, Songea, Njombe. Nauli yake usiulize.

Madaraja mapana zaidi yatasaidia, na mawe ya kwenye nyavu upande wa bahari pia. Ila mimi ningeanza na vijana wenye mapanga na makoleo, wazibue midomo ya makalavati kabla ya masika. Kazi hiyo haina utepe wa kukata, ndiyo maana huachwa.

Mzee akainuka, akachungulia shimo kwa mbali.

"Kumbe imeliwa kwa nyuma," akasema, akarudi kwenye magunia yake.