Kuku ambaye hakuanguka: wapishi wa televisheni na jiko la nyumbani

Dhana: Julia Child, mpishi wa televisheni wa Marekani, aliangusha kuku sakafuni mbele ya kamera, akamwokota, akaendelea kupika kama kawaida.

Wamarekani wamekisimulia kisa hiki kwa zaidi ya miaka 50. Mmoja atakwambia alikuwa kuku, mwingine bata mzinga, na wapo wanaoapa kwamba walimwona kwa macho yao. Hakuna kuku aliyeanguka. Katika kipindi chake The French Chef, kilichoanza kurushwa Boston mwaka 1963, Child alijaribu kupindua chapati nene ya viazi vya kuponda kwa kuirusha juu. Sehemu yake ikatua nje ya kikaango, juu ya jiko. Akaizoa, akairudisha kikaangoni, akakiri kwamba hakurusha kwa ujasiri uliotakiwa. Kisha akauliza: ukiwa peke yako jikoni, nani atakuona?

Wanaoamini kwamba televisheni imeshusha hadhi ya upishi hupenda kukitaja kisa hicho cha kuku kama ushahidi. Eti mwigizaji tu, hana adabu ya jikoni. Lakini mama huyo, aliyezaliwa mwaka 1912, alisomea upishi Paris katika chuo cha Le Cordon Bleu, na kitabu alichoandika na wenzake wawili wa Ufaransa kilitoka mwaka 1961 baada ya miaka ya kujaribu pishi moja moja. Alipofika kwenye skrini alikuwa amegonga miaka 50. Na ile chapati iliyomponyoka ilibaki kwenye mkanda kwa sababu vipindi vya wakati ule vilirekodiwa kwa mfululizo. Kusimama na kuanza upya kulikuwa gharama.

Leo ingekatwa. Kama kuna kitu televisheni imekichakachua, kwangu mimi ni hicho. Mtoto anayejifunza chapati ubavuni mwa mama yake huziona zote: ya kwanza iliyoungua, ya pili iliyofanana na ramani ya Afrika, na ya tatu ambayo mama ameinyoosha kimyakimya kabla wageni hawajaiona. Kwenye skrini anaonyeshwa ya kumi peke yake, halafu anashangaa kwa nini yake haifanani na ile.

Dhana: kumfundisha mtu mzima kuchemsha yai ni kumdharau.

Mwaka 1998 Delia Smith, mpishi wa televisheni wa Uingereza, aliufungua mfululizo wake mpya wa BBC kwa mayai: namna ya kuyachagua, kuyachemsha, kuyakaanga. Gary Rhodes, naye mpishi maarufu wa televisheni, aliona ni kuwatukana watazamaji. Watazamaji wenyewe walikwenda dukani. Iliripotiwa kwamba mauzo ya mayai Uingereza yalipanda kwa takriban asilimia 10, na miaka michache baadaye jina la Delia likaingia kwenye kamusi ya Collins.

Wanaocheka somo la yai wengi wao walikulia jikoni. Kijana wa kiume aliyefukuzwa humo tangu utotoni, ambaye sasa amepanga chumba kimoja na jiko la gesi la mtungi mdogo, hana wa kumuuliza. Akimpigia bibi simu ataambiwa “tia chumvi kiasi”. Kiasi ni kipi? Bibi anakijua kwa kiganja chake, na kiganja hakipiti kwenye simu. Kipindi cha dakika 30 kinachoonyesha mikono ikifanya kazi polepole kinamfaa huyo kuliko karamu yoyote ya kupambwa kwa maua.

Dhana: nyama ikibabuliwa kwanza kwenye moto mkali, maji yake hufungiwa ndani.

Hii wapishi wa televisheni wameirudia hadi ikaonekana sayansi. Asili yake ni mkemia Mjerumani wa karne ya 19, Justus von Liebig, na majaribio yameshaonyesha kwamba si kweli. Sikio lako linatosha kukuthibitishia: ule mlio wa chaa usiokoma kwenye karai ni maji yanayoendelea kutoka. Babua tu, rangi ile ya kahawia ina utamu wake, lakini usidhani umeziba kitu.

Dhana: mpishi mashuhuri akiharibu pishi la watu, pishi lenyewe limeharibika.

Mwaka 2014 Jamie Oliver, mpishi wa televisheni wa Uingereza, alitoa pishi la jollof, wali wa nyanya wa Afrika Magharibi, lenye nyanya ndogo bado kwenye vikonyo vyake, giligilani, parsley na vipande vya limau. Watu wa Afrika Magharibi walimshukia mtandaoni kama mvua ya masika. Nawaelewa, mtu akitia manjano kwenye pilau na kuiita ya Pwani, nami nitapaza sauti, maana rangi ya pilau hutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia. Ila wenye jollof yao waliendelea kuipika walivyofundishwa.

Dhana: pishi la mpishi maarufu, kwa kuwa unalipika mwenyewe, lazima ni bora kiafya kuliko chakula cha boksi.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliolinganisha mapishi 100 ya wapishi wa televisheni na vyakula 100 vilivyopikwa tayari vya maduka makubwa. Hakuna hata kimoja, upande wowote, kilichotimiza mapendekezo yote ya Shirika la Afya Duniani. Kwa sahani moja, mapishi ya mashuhuri yalikuwa na nguvu nyingi zaidi, mafuta mengi zaidi na nyuzinyuzi kidogo. Si ajabu kwa anayejua vile donge la siagi hutupwa sufuriani “kumalizia” mchuzi. Palipowafaa wapishi hao ni kwenye chumvi: mapishi yao yalikaa ndani ya kipimo mara nyingi kuliko vya boksi. Ila watafiti hawakuihesabu chumvi ya kukolezea, ile inayonyunyizwa kwa vidole kutoka juu, kamera ikiifuata inavyoshuka.