Kigezi kwa pikipiki: uliza mvua kabla ya kilomita

Kila mgeni anayeleta pikipiki kwangu kabla ya safari huniuliza: kutoka Kabale hadi Buhoma ni kilomita ngapi? Nami humuuliza: utaondoka saa ngapi?

Njia ninayoizungumzia inapanda kutoka Kabale, mji wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, inapita Ruhija ndani ya msitu wa Bwindi, inashuka Buhoma, kisha Kihihi, Ishasha na hatimaye Katunguru. Ruhija iko kwenye mita 2,300 hivi. Udongo wa huko ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka unabana kama lami, ukinyeshewa dakika kumi unageuka mlenda. Miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua hupenda kushuka baada ya adhuhuri. Tena penye kivuli cha msitu tope la jana linakungoja hata kama jua linawaka. Kwa hiyo washa pikipiki saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tisa alasiri hema liwe limesimama. Tuko karibu na ikweta: saa moja jioni jua likizama, giza halibishi hodi.

Sasa mzigo. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea kabla yao. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga galoni la petroli la lita 20 juu kabisa ya keria, juu ya hema na blanketi. Hizo ni kilo 15 hivi, zimekaa juu na nyuma ya gurudumu. Kwenye kilima cha kwanza baada ya kona, gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani haunisikii, nikalala mtaroni na pikipiki juu ya mguu. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi waliniinua. Mmoja akaniambia, “Mzee, sisi tunabeba zaidi ya hiyo, lakini tunaiweka chini.” Basi. Tangu siku hiyo vitu vizito, yaani maji, petroli, spana na sufuria, hukaa kwenye mifuko ya pembeni, pande zote mbili sawa. Juu ya keria hubaki hema na nguo. Petroli ya akiba beba lita tano tu, maana vijijini utaikuta kwenye chupa. Ichuje kwa kitambaa safi kabla ya kuimimina.

Huhitaji pikipiki kubwa. Boxer ileile ya bodaboda inafika, na ikiharibika, Kihihi kuna fundi na kuna vipuri, jambo ambalo siwezi kukuahidi kwa mashine ya milioni nyingi kutoka Ulaya. Lakini mteremko uushuke kwa gia ya pili, au hata ya kwanza. Breki za ngoma ukizikanyaga mfululizo hupata moto na nguvu hupotea, nawe una bonde upande wa kushoto. Madigadi ya mbele iinue au uifungue kabisa msimu wa mvua, kwa sababu tope hujaa kati yake na tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Upepo wa tairi upunguze kidogo ili lishike, ila usizidishe: tairi likiteleza kwenye rimu huvuta tyubu, na mdomo wa tyubu ukikatika hakuna kiraka kitakachokuokoa.

Usiku Ruhija ni baridi kweli. Koti la mvua halitoshi, leta sweta. Na usibebe maharage makavu. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, hivyo utapuliza moto mpaka usingizi ukushinde. Yachemshe nyumbani, au nunua viazi mbatata, Kigezi ndiko kwao.

Ukishuka Ishasha mambo yanageuka: joto, nyasi, barabara tambarare ya malori inayokatiza hifadhi ya Queen Elizabeth. Ni barabara ya umma, lakini tembo hawajaambiwa. Ukimwona mmoja mbele, simama mbali, usizime injini, usipige honi, mwache avuke na uwasubiri wenzake. Njia za kutazama simba wapandao miti si za pikipiki. Kulala nako ni kwenye kambi rasmi tu. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na hema lililosimama kwenye njia yake kwake si ukuta.

Katunguru unakanyaga lami ya barabara kuu. Rudisha upepo wa tairi papo hapo, kaza spoku na utie mnyororo oili, umekula vumbi siku mbili. Ndipo utafute samaki, ngege wa kukaanga.