Kuisoma seli ya kemia kutoka kushoto kwenda kulia

Mwanafunzi wa PCB au PCM (tahasusi za fizikia na kemia pamoja na biolojia au hisabati) akifika mada ya elektrokemia hukutana na mstari huu, unaoeleza seli ya kemia, yaani kifaa kinachotoa umeme kutokana na mmenyuko:

Zn(s) | Zn²⁺(aq) || Cu²⁺(aq) | Cu(s)

Wengi huukariri kama ulivyo. Swali likija la zinki na shaba wanapata alama zote. Mtungaji akibadilisha metali moja, wanakwama. Sisi wa idara ya kemia tunaofanya kazi na shule za Kigoma tungependa usomwe kama sentensi, kwa sababu ndivyo ulivyo: una mwanzo, una mwisho, na kila alama ndani yake ina kazi.

Seli yenyewe ni ya John Frederic Daniell, mkemia wa London, aliyeiunda mwaka 1836. Shida yake ilikuwa kuzuia vimiminika viwili visichanganyike huku ioni, yaani chembe zenye chaji, zikiendelea kupita. Alitumia koo la ng'ombe. Naam, koo la ng'ombe wa buchani. Vyungu vya udongo vinavyopitisha maji taratibu vilichukua nafasi yake baadaye. Kazi ya koo lile ndiyo tunayoiandika leo kwa mistari miwili iliyosimama pamoja, ||, na katika maabara za shule hufanywa na daraja la chumvi, yaani mrija wa kioo uliopinda wenye myeyusho wa chumvi. Kama mrija huo haupo, kipande cha karatasi ya kuchujia kilicholoweshwa myeyusho wa nitrati ya potasiamu kinatosha.

Mstari mmoja, |, ni mpaka kati ya hali mbili za maada: yabisi (s) na myeyusho (aq), au gesi na myeyusho. Vitu viwili vilivyo katika hali moja havitengwi kwa mstari bali kwa mkato. Mfano ni ioni mbili za chuma ndani ya myeyusho mmoja: Fe³⁺, Fe²⁺ | Pt. Platini imewekwa pale kwa sababu hakuna metali nyingine ya kushika waya, na yenyewe haibadiliki.

Sasa isome. Kushoto ni anodi: zinki inapoteza elektroni mbili, inakuwa ioni, inaingia kwenye myeyusho. Elektroni hazipiti darajani. Zinapita kwenye waya wa nje hadi kulia, kwenye kathodi, ambako ioni za shaba zinazipokea na kuganda kuwa shaba. Darajani zinapita ioni peke yake. Mwanafunzi anayechora elektroni zikiogelea kwenye daraja la chumvi hajausoma mstari, ameutazama tu.

Volti ya seli hupatikana kwa kuchukua thamani ya elektrodi (upande mmoja wa seli) ya kulia na kutoa ya kushoto. Tangu makubaliano ya IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, yaliyofanyika Stockholm mwaka 1953, thamani za elektrodi huandikwa kwa mwelekeo wa kupokea elektroni: shaba +0.34, zinki −0.76. Hivyo 0.34 − (−0.76) = volti 1.10. Ukigeuza mstari, shaba ikakaa kushoto, utapata −1.10. Hapo wengi hufuta na kuanza upya, wakidhani wamekosea. Alama ya kutoa inakuambia kwamba mmenyuko, kwa mpangilio ulioandika, hauendi wenyewe. Unakwenda kinyume chake. Ni jibu halali.

Penye mtego mkubwa zaidi ni hapa:

Cu(s) | Cu²⁺(aq) || Ag⁺(aq) | Ag(s)

Shaba inatoa elektroni mbili, ioni ya fedha inapokea moja. Kusawazisha mlinganyo unahitaji ioni mbili za fedha, na mkono unawasha kuzidisha +0.80 kwa mbili. Usizidishe. Volti hupima nishati kwa kila kizio cha chaji, haipimi wingi wa kitu. Fedha gramu moja au debe zima, thamani ni ileile. Jibu ni 0.80 − 0.34 = 0.46. Na kwa seli hii usitumie kloridi ya potasiamu darajani, maana kloridi ikikutana na ioni za fedha hutoa mashapo meupe.

Tuje kwenye seli ambayo watu wa hapa wanaibeba begani: betri ya risasi na asidi, inayowasha taa za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Ndani ina seli sita, na kila moja huandikwa hivi:

Pb(s) | PbSO₄(s) | H₂SO₄(aq) | PbSO₄(s), PbO₂(s) | Pb(s)

Tafuta mistari miwili. Haimo. Sahani zote mbili zimezama katika asidi ileile, yaani maji ya betri, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha. Anayeweka || kwa mazoea amechora daraja lisilokuwepo.

Mstari huo unaeleza betri inapotoa umeme. Risasi ya kushoto inapoteza elektroni, oksidi ya risasi ya kulia inazipokea, na pande zote mbili zinafunikwa na salfeti ya risasi, huku asidi ikipungua nguvu. Ndiyo maana fundi hupima uzito wa maji ya betri kwa ujazo wake kujua kama imeisha.

Wakati wa kuchaji, mmenyuko unasukumwa kinyume. Sahani iliyokuwa anodi sasa inapokea elektroni, basi ni kathodi. Alama ya kutoa iliyochongwa kwenye kichwa chake haihami, na chaja huungwa jumlisha kwa jumlisha, kutoa kwa kutoa. Kinachotakiwa ni chaja kuishinda betri: seli sita za volti 2.05 hivi zinafanya 12.3, kwa hiyo chaja inayotoa 12 kamili haiwezi kuijaza. Nzuri hupanda hadi 14 na zaidi kidogo.