Springi na shokapu: yanayosemwa na yanayotokea chini ya gari

Rafiki yangu alinipitia asubuhi moja na gari ambalo ndio kwanza lilikuwa limetoka gereji. Lilikuwa limeshuka vizuri, matairi yamejaa kwenye matao yake, na mwenyewe furaha tele. "Panda uone linavyoshika barabara," akaniambia. Kwenye lami laini lilishika kweli. Tulipoingia kona yenye viraka, sehemu ya nyuma iliruka mara tatu, ikahama kuelekea nje ya kona, naye akakaza mikono kwenye usukani bila kusema neno. Tuliposimama niliinama nikachungulia nyuma ya gurudumu. Springi zilikuwa mpya, nyekundu. Shokapu zilikuwa zile zile za tangu gari linatoka kiwandani, na moja ilikuwa imelowa oili kuanzia kwenye sili hadi katikati, vumbi limeganda juu yake.

Aliambiwa kwamba springi ndizo zinazoleta mabadiliko, shokapu zisubiri. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi mno, na yanaponza watu wanaolipenda gari lao na wanaotoa fedha zao kwa nia njema kabisa.

"Shokapu ndiyo inayobeba gari"

Hili ndilo shina la makosa mengi, basi tuanze nalo. Uzito wa gari hubebwa na springi. Kwenye gari ambalo springi na shokapu zimefungwa mbalimbali, fungua shokapu uiweke pembeni, na gari litabaki limesimama karibu kimo kile kile. Toa springi, na bodi inakaa chini.

Kazi ya shokapu, au shokomzoba kama wengine tulivyozoea kuiita, ni kuituliza springi. Springi ikibonywa hutunza nguvu, na ikiachiwa huirudisha, kisha hubonyea tena, na tena. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vali nyembamba. Oili hiyo hukataa kupita upesi, na ukinzani huo ndio unaomaliza mdundo. Iguse baada ya safari ndefu kwenye barabara mbovu uone ilivyo na joto: nguvu iliyokuwa itikise gari imegeuka joto na kupotelea hewani.

Kwa hiyo gari likilala upande mmoja, au likiinama nyuma hata likiwa tupu, kagua kwanza springi na viti vyake, yaani sahani za chuma zinazokaliwa na ncha zake. Kununua shokapu mpya hapo ni kumpa dawa asiyeumwa. Kwenye magari ambayo springi imezungushiwa shokapu kwa juu, watu huchanganyikiwa kwa sababu vyote hutoka kama kitu kimoja. Hata hapo, anayebeba ni springi.

"Ya gesi haina oili"

Ina oili, tena oili ndiyo inayofanya kazi. Gesi, kwa kawaida naitrojeni, huwekwa kwa shinikizo ili oili isitoe povu pistoni inapokimbia juu na chini. Povu likiingia, pistoni hupita kama inapita hewani na shokapu hulegea njiani. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyebuni shokapu ya bomba moja yenye gesi ya shinikizo kubwa, na katika miaka ya 1950 Bilstein wakaanza kuitengeneza kwa ajili ya magari ya kawaida.

Wapo wanaosema shokapu ya gesi hunyanyua gari. Kuna chembe ya ukweli hapo. Chukua fimbo ya pistoni yenye kipenyo cha mm 12 na gesi ya shinikizo la bari 25: msukumo wake ni kama niutoni 280, yaani uzito wa kilo 28 au 29 hivi. Gari linaweza kupanda milimita chache. Ukilinganisha na mamia ya kilo yanayokalia kila gurudumu, bado hatuwezi kusema inabeba gari.

"Springi ikiwa ngumu zaidi, gari linashika zaidi"

Hapa naomba tukae kidogo, maana dhana hii ina ladha ya ukweli. Ukifunga springi ngumu, gari halilali sana kwenye kona, usukani unajibu haraka, na mwili wako unahisi uhakika. Lakini anayeshika barabara ni tairi, na tairi hushika pale tu linapogandamizwa ardhini. Kwenye lami kama kioo, springi ngumu haidhuru kitu. Kwenye lami yenye viraka, tairi linahitaji kushuka kwenye kibonde na kupanda kigongo huku bodi imetulia. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, tairi hurushwa juu pamoja na bodi, na kwa muda ule ambao liko hewani, au linagusa kwa wepesi tu, halina breki wala kona. Ndicho kilichotokea kwa rafiki yangu.

Kisha kuna suala la uzito unaohama. Wengi huamini kwamba gari lisipolala, uzito hauhami. Tupige hesabu. Gari la kilo 1,400, kitovu chake cha uzito kiko sm 55 juu ya ardhi, umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.5, na linapinda kona kwa nguvu ya kando sawa na 0.8 ya uzito wake. Uzito unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje ni kama kilo 410. Katika hesabu hiyo hakuna mahali ugumu wa springi unapoingia. Kinachoingia ni kimo cha kitovu cha uzito, upana wa gari na ukali wa kona. Lishushe sm 3, na kilo 410 zinakuwa kama 388. Faida ipo, ni kama asilimia 5, wala si ule muujiza tunaosimuliwa.

Springi ngumu hubadilisha mgawanyo wa uzito huo kati ya mbele na nyuma. Ukikaza mbele pekee, gari huelekea kugoma kupinda, pua inasukumwa nje ya kona. Ukikaza nyuma pekee, mkia huwa mwepesi kuchomoka. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu amenunua springi za nyuma tu "kwa sababu ndizo zilizopatikana". Huo mgawanyo ulipangwa na wahandisi kwa majaribio mengi, na mkia unaochomoka kwenye mvua hauna subira na dereva.

Springi ikiwa ngumu zaidi, bodi hudunda haraka zaidi. Gari la kawaida la kutembelea huwekwa bodi yake idunde mara 1 hadi 1.5 hivi kwa sekunde. La kimichezo huenda hadi karibu mara 2. Magari ya mashindano yanayogandamizwa na upepo huvuka 3, na madereva wake huendesha kwenye njia zilizosawazishwa kwa makusudi, wakifungwa mikanda minne au zaidi. Ukiniuliza mimi, mwenye gari la kila siku anayetaka litulie zaidi aanze na matairi mazuri, bushi (zile raba za kwenye maungio) nzima, na shokapu mpya za kiwango cha juu juu ya springi za kawaida. Wengi wakifika hapo hawaendelei, kwa sababu kilichokuwa kinawaudhi kilikuwa shokapu zilizochoka.

"Kukata springi ni sawa na kununua fupi"

Hapana, na hili nalisema kwa uchungu. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi yenye mizunguko 6, ukikata 1, ugumu huongezeka kwa asilimia 20. Umebadilisha ugumu bila kuuchagua. Na mwisho wa springi hutengenezwa kwa umbo linalokaa kwenye kiti chake: aghalabu umelazwa au umekunjwa. Ukipitisha grainda unabaki na ncha iliyoinuka, yenye makali, inayosimama kwenye kiti kwa nukta moja. Nimewahi kukishika kiti cha chini kilichotobolewa na ncha ya aina hiyo. Chuma kilikuwa kimekunjuka pembeni mwa tundu kama mfuniko wa kopo.

Hatari nyingine hujitokeza gurudumu linaponing'inia, kwa mfano kwenye jeki au baada ya kuruka tuta. Springi iliyokatwa huwa fupi kuliko nafasi yake, ikalegea na kuhama kitini. Gurudumu likirudi chini, nani ajuaye imekaa wapi. Kuichoma kwa gesi ili ilale ni kubaya zaidi: chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo, na moto wa gereji huuondoa.

Springi fupi zilizotengenezwa kuwa fupi huwa na waya mwingine na ugumu uliopangwa. Waya huo una nguvu ya ajabu kwenye hesabu: ugumu hufuata kipenyo chake kwa kipeo cha nne. Ukitoka mm 12 kwenda mm 13, mengine yote yakibaki vile vile, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Milimita moja tu!

"Shokapu za zamani zitaendana na springi mpya"

Springi ikiwa ngumu kwa asilimia 40 zaidi, shokapu inahitaji nguvu ya kuituliza iliyoongezeka kwa karibu asilimia 18 ili utulivu ubaki ule ule. Shokapu ya kawaida, tena iliyochoka, haina akiba hiyo. Kisha ukishusha gari, pistoni inaanza kufanyia kazi upande wa chini wa bomba. Kama ilikuwa na mm 80 za kubonyea na umeshusha kwa mm 30, zimebaki 50, kisha inagonga raba ya kizuizi. Raba ikishaguswa, ugumu hupaa ghafla, na kama hilo likitokea katikati ya kona, gari hubadilika tabia mkononi mwako. Nunua springi na shokapu zilizopangwa kwenda pamoja, au subiri hadi uweze. Na usibadilishe moja iliyovuja ukaiacha mwenzake: hubadilishwa jozi, kushoto na kulia.

"Ukikaza ringi ya chini, springi inakuwa ngumu"

Wenye koilova, yaani zile shokapu zenye uzi wa kuzungusha kiti cha springi, hulisema sana hili. Springi ya kawaida ya niutoni 40 kwa milimita itadai niutoni 40 kwa kila milimita, uizungushe juu au chini. Kinachobadilika ni kimo cha gari. Springi za mizunguko isiyolingana ni habari nyingine, kwa kuwa hizo huwa ngumu kadiri zinavyobonyea.

"Sukuma bampa, likitulia, shokapu ni nzima"

Kipimo hiki kinafaa upande mmoja tu. Gari likiendelea kudunda baada ya kuachia, shokapu imekufa, hakuna ubishi. Likitulia, bado hujajua kitu. Mkono wako unasukuma polepole, ilhali shimo barabarani huisukuma pistoni kwa kasi mara nyingi zaidi, na vali zinazofanya kazi kwenye kasi ile si lazima ziwe zile zile. Pitisha kiganja juu ya tairi kwa kuzunguka: ukihisi mabonde na vilima vinavyopishana, tairi limekuwa likirukaruka. Tazama oili kwenye bomba. Angalia kama pua inazama mno ukifunga breki.

"Spesa na springi nzito zinaongeza uwezo wa kubeba"

Spesa, yaani kipande kinachowekwa juu au chini ya springi, hunyanyua bodi, basi. Springi ni ile ile. Hata springi nzito haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, kwa kuwa breki, ekseli, matairi na bodi havijabadilika. Gari halitainama tena, na hapo dereva hupoteza ishara iliyokuwa ikimwambia kwamba amezidisha mzigo.

"Kufunga ni kufungua bolti na kurudisha"

Springi ya niutoni 30 kwa milimita iliyobanwa mm 150 ina nguvu ya niutoni 4,500, na imetunza nishati sawa na nyundo ya kilo 5 inayodondoka kutoka karibu mita 7. Kwa hiyo kibanio cha kuibana springi kiwe kizima, kikazwe sawasawa pande zote, na uso wako usiwe mbele ya springi. Baada ya kufunga, gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti, kwa kuwa kimo kikibadilika pembe za magurudumu nazo hubadilika, na tairi lililokaa vibaya huliwa upande mmoja bila kutoa sauti. Taa za mbele zipimwe upya, pamoja na kamera au rada kama gari linazo.

Na kuna jambo moja ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulipita. Bolti za bushi za raba hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa kwenye jeki, mkono wa chuma unaoshika gurudumu unaning'inia chini, na raba inashikwa katika hali hiyo. Ukilishusha, raba inajipinda na kubaki imejipinda siku zote. Rafiki yangu alipolirudisha gari ili lifungwe shokapu zinazoendana na springi zake, tulikuta bushi mbili za nyuma zimechanika nusu duara, na hazikuwa zimemaliza hata miezi mitano. Safari hii nilikaa kitako pembeni, gari likateremshwa kutoka kwenye jeki, likasukumwa mbele na nyuma mara kadhaa likae sawa, ndipo spana ikaingia chini kukaza zile bolti.