Kwa Nini Ubao wa Kidijitali Huandika Kabla Kidole Hakijaugusa?

Mwalimu wa Dar es Salaam anayefundisha kwa ubao wa kidijitali huenda amewahi kuona mstari ukijichora ilhali kidole chake bado kiko milimita kadhaa mbali na kioo. Hiyo si hitilafu. Nyingi za mbao hizi hazihisi mguso hata kidogo. Kinachotambuliwa ni kivuli.

Katika fremu inayozunguka kioo hupangwa taa ndogo za LED, na upande unaozielekea huwekwa vitambuzi vya mwanga. Taa hizo hutoa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ambayo hupishana kwa wima na kwa mlalo juu kidogo ya kioo kama miyaa ya mkeka. Kidole kinapoingia, baadhi ya vitambuzi hukosa mwanga, na kompyuta hukokotoa mahali miale iliyokatika inapokutana. Kioo cha simu hutegemea umeme unaopitishwa na mwili, lakini ubao huu hukubali kijiti, mkono wenye glavu, na hata nzi mkubwa akitua.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa na kompyuta za kufundishia za PLATO IV, ambazo skrini zake ziligawanywa katika sehemu 16 kwa 16, yaani sehemu 256 tu. Zilitosha kumwezesha mwanafunzi kuchagua jibu.

Ugumu huanza vidole vinapokuwa viwili. Vikiwekwa kimshazari, hukata miale miwili ya wima na miwili ya mlalo, ambayo hukutana katika nukta nne, na mbili kati ya hizo ni za uongo. Ufumbuzi uliopendwa, nao kwa maoni yangu ni wa kijanja kweli, ni kuruhusu mwanga wa kila taa usomwe na vitambuzi vingi kwa pembe tofauti, kwa kuwa nukta ya uongo haiwezi kuziba miale ya mshazari inayoipitia.

Katika jiji letu adui mkubwa ni jua, kwa sababu nalo hutoa infraredi kwa wingi, na likipenya dirishani alasiri linaweza kuvilemea vitambuzi. Vumbi nalo likiganda kwenye ukingo wa ndani wa fremu huziba miale, hivyo anayefuta kioo peke yake huacha sehemu inayohitaji kufutwa zaidi.