Je, Wajua Kwa Nini Rangi ya Silva Huwasumbua Mafundi?

Rimu ikikwaruzwa na ukingo wa barabara mjini Kisumu, mwenye gari hununua kopo la silva, hupaka palipochubuka, na rangi ikikauka hubaki doa la kijivu. Lawama humwendea muuza rangi. Mara nyingi kopo halina kosa.

Rangi nyeupe ya kawaida huonekana ileile kutoka kila upande. Silva ina vipande vyembamba mno vya alumini, na kila kimoja ni kioo kidogo. Watazame omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa ufukweni Dunga, Kisumu: waliolala bapa hung'aa, walioinama upande hufifia. Vipande vya alumini vikilala bapa, mwanga hurudi machoni na silva humeta. Vikikaa ovyo, huwa kijivu. Kisha usogee ubavuni, na kiraka kilekile kilichokuwa cheusi kitaonekana cheupe kuliko rangi ya zamani!

Jinsi vipande vitakavyolala hutegemea sana mkono wa fundi. Rangi ikipigwa nzito, hubaki majimaji kwa muda, vipande vikazama na kupinduka, na silva hutoka nyeusi. Ikipigwa nyepesi kutoka mbali kidogo, matone hufika yakikaribia kukauka na silva hutoka nyeupe zaidi. Jua la mchana la Kisumu hukausha matone hewani hata fundi asipokusudia, ndiyo maana anayejali kazi yake hupiga asubuhi au hutumia thina (kiowevu cha kuzimulia rangi) inayokauka polepole. Brashi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huburuta vipande na kuviacha katika mistari. Na kopo lisipotikiswa vizuri, alumini nyingi hubaki chini.

Kuna namba ya rangi pia. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani, itafute kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, karibu na herufi C/TR, yaani rangi ya bodi na ya mapambo ya ndani. 1F7 ni silva, 1C0 ni silva nyingine. Lakini hiyo ni namba ya bodi! Rimu hupakwa rangi yake kiwandani, na kibati hicho hakitaji rangi ya rimu. Inauma kuona mtu akilipia rangi ya bodi iliyochanganywa kwa uangalifu, kisha akaipiga kwenye rimu.

Kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha kadi. Ipige, ipake klia, ile rangi angavu ya kufunikia, juu yake, kwa kuwa klia hubadilisha mng'ao, iache ikauke, kisha ishike kando ya rimu iliyooshwa vumbi la breki. Itazame nje mchana, kwa mbele na kwa ubavu, si chini ya taa ya gereji. Ikikaribiana, usipige kiraka: piga uso mzima wa rimu mpaka kwenye kingo zake, maana jicho halipati pa kulinganisha. Mchubuko mdogo kama punje ya mtama uguswe kwa ncha ya kijiti, tone dogo baada ya tone, kila moja likauke kwanza.